Sikio la Mjomba na Safari ya Mafia

Mjomba wangu amepiga mbizi katika Ziwa Victoria tangu ujana wake, na hajawahi kuona kitu chochote chini ya maji. Anafumba macho. Anashuka akiwa amefumba, anatafuta kwa mikono, anapanda akiwa bado amefumba, na hafumbui mpaka asikie upepo usoni.

Anachotafuta ni watu. Kijiji chake kiko kwenye rasi, ukishaipita Bugwema, na huko wavuvi ni wengi na wanaojua kuogelea ni wengi pia. Lakini wa kushuka chini kumtafuta mtu aliyezama ni yeye, pamoja na mwenzake mmoja ambaye siku hizi mgongo umemkatalia. Mtumbwi ukipinduka, watu wanamfuata nyumbani. Hapokei malipo. Akitoka majini anapewa uji wa moto na hasemi neno mpaka aumalize. Baadaye wafiwa wanamletea jogoo. Mzee aliyemfundisha kazi hiyo alimwachia sharti moja: aliyekufa maji hatazamwi akiwa chini. Unamshika, unamtoa, na wenye macho ya kumtazama wako nchi kavu. Na hata bila sharti hilo, anasema mjomba, kuna nini cha kutazama? Maji ya ziwa letu yakishapita kimo cha mtu yanakuwa kama mchuzi wa mlenda.

Naanza na hayo kwa sababu ndiyo yaliyofanya mwaka huu nisipake nyumba yangu rangi kama nilivyokusudia. Likizo yangu ya Desemba nimeipangia kitu kingine: kwenda kisiwa cha Mafia, mimi na mjomba, tukazamie tukiwa na mitungi ya hewa mgongoni.

Mimi ni mwalimu, naishi Iringo, Musoma mjini. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alipangiwa kazi Mafia akaolewa huko huko, na mumewe anafundisha wageni kuzamia. Kwa miaka mingi alikuwa akinikaribisha nami nikiahidi, kama watu wanavyoahidi. Alikuwa akinitumia video ambazo mumewe amepiga chini ya bahari. Nilikuwa nazitazama nikisubiri ugali uive, nasema “jamani pazuri”, halafu nafunga simu.

Siku moja nilikwenda kijijini kumsalimia mjomba nikamwonyesha moja. Alikuwa anashona wavu, akauweka magotini. Ilikuwa video fupi: matumbawe ya rangi ya zambarau, kundi la samaki wa manjano, kisha kasa anapita taratibu, anageuza shingo, anaendelea na safari yake.

“Hii wamepiga wapi?” aliuliza mjomba.

“Mafia, mjomba. Chini ya maji.”

“Chini kabisa?”

“Chini kabisa.”

“Mbona kuna jua?”

Nilimwambia maji ya kule ni meupe, mwanga unapenya. Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba kuna nchi ambako mawe yanachipua. Akaomba nirudishe pale kasa anapogeuza shingo. Nikarudisha. Akaomba tena.

“Ameona mtu,” alisema. “Huyu kasa ameona mtu na mtu amemwona.”

Alicheka peke yake, akachukua wavu wake, akaweka tena chini. “Mwambie huyo shemeji yako tunakuja.”

“Tunakwenda kutembea, mjomba?”

“Kutembea natembeaga hapa kila siku. Tunakwenda kuingia.”

Mimi sikuwa hata najua kuogelea. Lakini nilirudi Musoma jioni ile nikiwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtoto aliyeambiwa kesho kuna safari. Kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshamwandikia rafiki yangu.

Mumewe alijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chake laini cha pwani, na nikampelekea mjomba ausikilize mwenyewe. Alisema tunakaribishwa kama ndugu, vifaa vipo, mafunzo atatupa. Ila kwa umri wa mzee lazima daktari athibitishe kwamba moyo, mapafu na masikio viko sawa. “Masikio hasa, mzee wangu. Uzito wa maji unagonga sikioni kwanza. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, hapo hatuzami. Utakaa na mimi juu ya boti, tunakunywa chai.”

Mjomba aliusikiliza ujumbe ule kwa sikio la kulia, kama anavyosikiliza kila kitu. La kushoto lilipasuka zamani, siku moja aliyoshuka kwenye kina kirefu kuliko kawaida, na tangu hapo akinawa uso anainamisha kichwa upande huo maji yatoke. Kijiji kizima kinajua kwamba ukiwa na jambo la maana na mjomba unakaa kulia kwake. Hatukuhitaji kuambizana. Safari yote ilikuwa inaning'inia kwenye sikio la kushoto.

“Chai juu ya boti,” alisema mjomba, akinirudishia simu. “Juu ya maji nimekaa maisha yangu yote. Hiyo hapana.”

Mama yangu ni dada yake. Amezaliwa kwenye rasi ile ile lakini aliolewa Butiama, kwenye mawe makubwa na mashamba ya mtama, na anapenda kusema kwamba Mungu alimvuta mbali na maji kwa makusudi. Nilimpigia simu kumpa habari.

“Mama, mimi na mjomba tunakwenda Mafia kupiga mbizi.”

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa, mama.”

“Sasa Mafia hawana watu wa kutoa watu wao mpaka wamwite kaka yangu?”

Nilimweleza kuhusu mitungi, matumbawe, kasa. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo mnakwenda kuangalia samaki.”

“Ndiyo, mama.”

“Wa kula?”

“Wa kuangalia tu.”

“Na Musoma samaki wameisha?”

Sikumlaumu. Kwetu hakuna anayekwenda chini ya maji kwa kupenda. Watoto tulikatazwa ziwa kwa sababu ya mamba, kichocho na viboko, na wasichana tulikatazwa mara mbili. Mtu akisema “amezamia”, wanawake wanashika vichwa. Hata mimi, nikisema maneno “likizo” na “kupiga mbizi” katika sentensi moja, nilikuwa najisikia kama natukana.

Lakini mipango ina utamu wake. Nilichora njia nyuma ya kalenda ya zamani na kuibandika ukutani: Musoma hadi Mwanza, Mwanza hadi Dodoma kwa basi, Dodoma hadi Dar es Salaam kwa treni ya umeme, halafu barabara ya kusini mpaka Nyamisati, na pale tunapanda boti hadi kisiwani. Mjomba alipokuja mjini aliifuata njia ile kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Treni ilimfurahisha karibu sawa na bahari. Alitaka kujua kama inapita mtoni, na kama ikipita unaruhusiwa kufungua dirisha.

Shemeji wa Mafia alituma maelezo mengine, na kila ujumbe ulikuwa sherehe. Alisema ukitoka kuzamia hupandi ndege siku hiyo hiyo, mwili unaweza kudhurika. Mjomba alipiga goti kwa kiganja: “Umesikia? Samaki na ndege hawachanganywi!” Alisema Desemba ni msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko boti, mwenye madoa mgongoni, mpole, anayekula vijidudu na dagaa.

“Mkubwa hivyo anakula dagaa?” aliuliza mjomba.

“Ndivyo anavyosema.”

“Basi huyo ni mtu wa Musoma.”

Miwani ya kuzamia ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, miwili, ile mipana inayofunika mpaka pua. Mjomba alivaa yake sebuleni kwangu na akala ndizi akiwa nayo usoni. Hatukuweza kusubiri. Hatukumsubiri hata daktari, na hapo ndipo tulipokosea. Siku ya kazi mchana, wakati hakuna wageni, tulikwenda kwenye hoteli moja yenye bwawa la kuogelea.

Mtunza bwawa, baba mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, alitupokea vizuri mpaka mjomba alipoelekea majini.

“Mzee, kwanza unaoga pale.”

“Nioge ili niingie kuoga?”

“Ndiyo utaratibu, baba.”

“Na nikitoka?”

“Unaoga tena.”

Mjomba aliniangalia. “Hawa watu wana maji mengi,” alisema, na akaenda kuoga.

Alipoingia, hakurusha maji. Alizama tu, kama kijiko kwenye uji. Nilikuwa nimesimama upande wa kina kifupi, nimeshika ukingo kwa mikono miwili, nikaona kivuli chake kinapita chini kwenye vigae, kinakwenda mpaka ukuta wa mbali, kinarudi, kinakaa. Kilikaa. Mtunza bwawa aliweka filimbi mdomoni. Mjomba akaibuka mbele yetu ameshika hereni ya mwanamke.

“Umeona nini, mjomba?” niliuliza.

“Hereni.”

“Umeiona au umeishika?”

Alivua miwani, akaigeuzageuza. “Nimeishika,” alisema.

Alikuwa amefumba macho. Ndani ya kioo kile kisafi, kwenye maji ambayo ungeweza kusomea gazeti, mjomba alikuwa amefumba macho na kupapasa vigae kimoja kimoja. Alirudi chini mara nyingine, akaja na kifuniko cha soda. Mara nyingine, akaja mikono mitupu na uso wa mtu aliyekasirika.

“Kope zinakataa,” alisema. “Nikiziambia fungukeni, zinaniuliza unataka kumwona nani.”

Maneno hayo yalinipoza kidogo. Nilifikiri labda tufunge vitu vyetu twende nyumbani. Halafu nikakumbuka michezo ya darasa la kwanza. Nilimwambia nitachuchumaa majini na miwani yangu, nitafanya kitu, na yeye aje aniambie nimefanya nini. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Nilivuta pumzi nikaweka uso chini kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mara ya kwanza alisema nimecheka. Sikucheka. Mara iliyofuata alisema nimempungia mkono, na nikajua anabahatisha. Mara ya tatu niliona, kupitia kioo changu na kioo chake, kope zikicheza, zikajikaza, halafu jicho moja likafunguka, na la pili. Tulikuwa tunatazamana. Mjomba alitoka majini akipiga kelele.

“Umetoa ulimi! Mtoto wa dada yangu! Unanitolea ulimi mimi!”

“Shikamoo, mjomba,” nilisema, nikikohoa maji.

“Marahaba, mjinga wewe! Toa tena!”

Akashuka, nikatoa tena. Baada ya hapo hakunihitaji. Alitazama mikono yake, akaigeuza. Alitazama miguu yake. Alilala chali sakafuni akatazama jua kutoka chini, na alipoibuka alisema lilikuwa linachemka kama mafuta ya maandazi. Mtunza bwawa aliweka filimbi mfukoni akakaa kwenye kiti kumwangalia. Tulitoka pale mjomba akitetemeka meno, na hata hivyo alioga tena bila kubishana.

Alipokuwa anajifuta aliinamisha kichwa kushoto na kugonga upande wa kulia kwa kiganja, mara kadhaa. Nilimwona. Jioni alikula kidogo na kushika shavu. Tulikuwa tumefurahi kwa gharama ya kitu kile kile tulichokihitaji.

Daktari wa masikio anakuja Musoma kwa zamu kutoka Mwanza. Tulimpata wiki iliyofuata, mama mtulivu mwenye taa kwenye paji la uso. Kabla ya kutazama aliuliza, “Mzee, unafanya kazi gani?”

“Mkulima.”

Nilimwangalia mjomba.

“Na mvuvi,” alisema mjomba.

Niliendelea kumwangalia.

“Na naogeleaga kidogo.”

Daktari alitazama sikio la kulia haraka, la kushoto kwa muda mrefu. Moyo na mapafu vilikuwa vya kijana, alisema, lakini ngoma ya sikio la kushoto ina tundu dogo, la zamani, na kingo zake zimevimba kidogo. “Maji yameingia karibuni?”

Mjomba alinitazama, nami nikatazama sakafu, na kwa hiyo akajua.

Alieleza vizuri. Tundu dogo kama lile likikaa kavu, likipata dawa, linaweza kujifunga lenyewe. Mengine yanafunga, mengine hayafungi, na la zamani ni gumu zaidi. Leo hawezi kuthibitisha chochote. Akirudi kwa zamu yake ya Desemba, kabla ya safari yetu, atalitazama tena. Likiwa limefunga vizuri, ataandika. Likiwa wazi, hataandika, na tusimbembeleze.

“Kavu maana yake kavu,” alisema. “Ukioga, weka pamba yenye mafuta ya mgando.”

“Daktari, mimi naishi ziwani.”

“Kaa ufukweni, baba. Maji yaangalie.”

Na mjomba alikaa ufukweni. Sijawahi kuona mtu akilitunza sikio namna ile. Mvua ikinyunyiza kidogo tu, alikuwa anajifunika mfuko wa nailoni kichwani. Alikuwa anaosha uso kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Wavuvi wenzake, ambao hawakuamini hata neno moja kuhusu papa mla dagaa, walimpa jina la Bwana Sukari, eti akilowa atayeyuka.

“Bwana Sukari, sogea, wimbi linakuja!”

“Sogea mwenyewe,” alikuwa anawajibu. “Mimi nina miadi na kasa.”

Mwanzoni mwa Desemba, shule zilipofungwa, tulikwenda Bunda kutafuta nguo za kuogelea. Bunda ina mitumba mizuri siku ya soko, na mizigo mingine inakuja na vitu ambavyo wauzaji wenyewe hawajui ni vya nini. Nilipata suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa kinachokauka haraka. Mjomba alitaka kaptula yenye rangi ya kuonekana chini ya maji. Alichagua ya rangi ya machungwa, akaivaa juu ya suruali yake palepale, akageuka nyuma na mbele.

“Mzee unakwenda Olimpiki?” aliuliza muuzaji, mama mmoja aliyekaa juu ya robota.

“Nakwenda kuwaona samaki wa Mafia.”

“Hiyo kaptula wakikuona nayo watahama.”

“Ndiyo ninayotaka. Nipunguzie.”

“Nikupunguzie urefu au bei?”

Soko lote la upande ule lilicheka. Mjomba alilipa huku anacheka mwenyewe, na hakuivua mpaka tulipofika stendi.

Kutoka Bunda tulipitia Kiabakari tukaenda Butiama kumuaga mama. Alitupikia ugali wa mtama na kuku wa kienyeji, akatufungia michembe ya njiani, kwa sababu kwake hakuna safari inayofanyika bila viazi vilivyokaushwa. Alikuwa bado haikubali safari, lakini alitaka tushibe.

Asubuhi nilimkuta mjomba nyuma ya nyumba ameinama juu ya beseni. Alikuwa ameomba chumvi jikoni, mfuko mzima, akaikoroga kwenye maji. Shemeji alikuwa amesema miwani inaweza kuvuja, na mjomba hajawahi kugusa maji ya bahari. Akataka kujua mapema kama kope zake zitavumilia. Pamba ilikuwa sikioni, imepakwa mafuta vizuri. Aliingiza uso kwenye beseni, macho wazi, akahesabu kwa vidole, akautoa, macho mekundu kama amelia msibani.

Mama alitoka na ufagio, akasimama.

“Kaka, umeshajitia chumvi,” alisema. “Sasa nikuanike wapi? Juu ya bati au kwenye jiwe?”

“Kwenye jiwe,” alisema mjomba, machozi yakimtiririka. “Nikauke pande zote.”

Ndipo mama alipocheka. Aliweka ufagio, akachota maji safi akamnawisha kaka yake macho, akikinga lile sikio kwa kiganja. “Huyo kasa awe mzuri basi,” alisema. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Tulikuwa bado tunakunywa chai simu ya mjomba ilipoita. Aliiweka sikio la kulia. Hakusema kitu zaidi ya “ndiyo” na “upande gani”. Aliikata, akamwangalia mama, siyo mimi. Mtumbwi ulikuwa umepinduka asubuhi ile karibu na rasi. Wawili walikuwa wameogelea mpaka nchi kavu. Mmoja hakuonekana.

Mama alisimama. Nilitegemea atamkumbusha daktari, maana mimi nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Aliingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya mgando na pamba nyingine, akampa.

Nilikodi gari mpaka kijijini. Njia nzima mjomba alikuwa anaviringisha pamba, anaipaka mafuta, anaiviringisha tena. Begi la Bunda, lenye nguo na miwani yetu, lilikuwa miguuni mwetu kwa sababu hatukuwa na muda wa kulipeleka nyumbani.

Ufukweni watu walitupisha. Hakuna aliyemwita Bwana Sukari. Walimwonyesha mahali kwa mkono, akasikiliza, akavua shati. Aliingiza pamba sikioni na kuishindilia kwa kidole. Mimi nilikuwa nimeshafungua begi na kutoa miwani, bila kufikiri, nikimpa kama unavyompa mtu koti wakati wa baridi.

Alitikisa kichwa. “Hiyo ni ya Mafia,” alisema.

Alipanda mtumbwi, wakampeleka. Niliona alivyofumba macho kabla hajaachia ukingo. Alishuka, akaibuka, akaonyesha wapige kasia mbele kidogo, akashuka tena. Sikumbuki alishuka mara ngapi. Jua lilikuwa limefika utosini alipoinua mkono mmoja, na wanaume kwenye mtumbwi wakainama kumpokea yule mtu. Alikuwa mvuvi kijana wa kijiji jirani. Mama yake alikuwepo pale. Kilio chake nakiacha hapa.

Mjomba aliletewa uji. Alikaa kwenye gunia la dagaa, akaunywa taratibu, macho kwenye kikombe. Nilikuwa nimekaa kulia kwake, lakini nilisogea nikazunguka kwa nyuma nitazame upande wa kushoto. Pamba haikuwepo. Sikuweza kuuliza, kwa sababu uji ulikuwa bado haujaisha, na alikuwa anaunywa kama hataki uishe.

Ulipoisha aliweka kikombe mchangani.

“Treni inatoka Dodoma saa ngapi?” aliuliza.

“Ipo ya asubuhi na ipo ya mchana.”

“Ya asubuhi. Nataka kuona nje.”

Nilimuuliza kama linamuuma. Akasema halimuumi. Nikamuuliza kama amesikia maji yakiingia. Akasema akiwa chini hasikilizi masikio, anasikiliza mikono.

Yuko kwangu Iringo sasa. Kaptula ya machungwa imekunjwa juu kabisa ya begi, na amehama kitanda ili alale karibu na ukuta wenye ile njia niliyoichora. Asubuhi anaamka kabla yangu na kuuliza zimebaki siku ngapi. Rafiki yangu ametuandikia kwamba potwe wameonekana karibu na gati la Kilindoni, wengi, na mumewe ametutengea nafasi mbili kwenye boti ya kuzamia. Tiketi za treni tunazo. Michembe mjomba ameshaanza kuila.

Daktari anafika kutoka Mwanza Alhamisi. Tangu siku ile ya rasi sikio limekaa kavu, mjomba anadondosha dawa kila asubuhi na jioni mbele yangu nione, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyelitazama ndani.